Mwaka wa Omena wa Manyoya

Krrrrrr. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikilia, kama mtu anayechana shuka ngumu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupumua. Hadi leo nikiisikia kichwani, miguu yangu hutaka kukimbia. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na nilikuwa nakimbia kweli, nikipita kati ya mistari ya majani chai pale Sironga, mshipi umefungwa kiunoni mwangu kwa fundo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Nyuma yangu, mlangoni pa stoo ya pareto, Tata Ombati alikuwa ameshika fimbo yake ya kuvulia kwa mikono yote miwili, akitufundisha jinsi samaki anavyokimbia na mshipi. Ile rili iliyofungwa kwenye fimbo, gurudumu dogo la chuma linalokunja na kukunjua mshipi, ndiyo iliyokuwa ikilia. "Usiende moja kwa moja," alinifokea. "Samaki hana adabu hiyo. Kata kushoto. Piga mbizi." Nikapiga mbizi. Nilianguka kifudifudi kwenye mtaro, na wasichana watano waliokuwa wakitazama kutoka kwenye benchi wakacheka mpaka mmoja wao akaketi chini kabisa kwenye nyasi. Aliyeketi chini alikuwa Bosibori. "Mwacheni apumue," alisema. "Huyu samaki amevaa petikoti."

Bosibori tumemzika juzi juzi, huko Nyamache alikoolewa, siku ya Ijumaa yenye manyunyu. Watu walimsifu kwa mengi: sauti yake kanisani, migomba yake, jinsi alivyokaa na wakwe zake bila ugomvi. Hakuna aliyetaja samaki. Nami sikusimama kusema, maana ningeanzia wapi, katika milima hii ambako bahari ni rangi ya buluu kwenye ramani ya shule, kuwaambia waombolezaji kwamba marehemu na mimi tuliwahi kuwadanganya samaki wa maji ya chumvi kwa manyoya ya jogoo? Wakati wa chakula, binti yake mkubwa aliniita nyuma ya jikoni akanipa kitu kizito kilichoviringishwa kwa kitambaa cha meza. "Anti, Mama alisema hii ni yako," aliniambia. "Alisema usiifungue Jumamosi. Uifungue Jumapili. Alicheka sana akisema hivyo, hata nesi akamwambia apumzike." Sikuhitaji kufungua ili nijue ni nini. Nilijua kwa uzito wake tu, kama mtu anavyomjua mtoto wake gizani. Ilikuwa vaisi yetu, kile chuma kidogo chenye taya mbili kinachobana ndoana wakati wa kufunga manyoya. Niliipakata njia nzima mpaka nyumbani.

Ile stoo ilikuwa ya kukaushia pareto kabla Tata Ombati hajaweka meza ndani. Tulimwita Tata, yaani baba, kwa heshima tu. Hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu. Vumbi la maua yale lilikuwa limeingia kwenye kuta za udongo na halikutoka kamwe, kwa hiyo wiki ya kwanza kila msichana alipiga chafya mpaka macho yakavimba, halafu akazoea. Tata alikuwa amefanya kazi ya upishi miaka mingi katika hoteli moja ya pwani. Huko, mgeni mmoja mzee alimfundisha kufunga chambo cha manyoya, na alipoondoka akamwachia fimbo na rili. Tata aliporudi nyumbani alikuwa na wazo moja tu, kwamba mikono ya wasichana wa Kisii, iliyozoea kuchuma majani mawili na kichipukizi bila kuangalia, inaweza kufunga uzi kwenye ndoana vizuri kuliko mikono yoyote duniani. Tulikuwa sita. Adhuhuri mke wake, Mama Ombati, alituletea ugali wa wimbi na chinsaga, mboga ya mgagani, iliyolala kwenye maziwa usiku mzima, na tulikula palepale mezani, manyoya yakiwa yamesukumwa kando. Mara nyingi ulikuta unyoya mwekundu kwenye tonge lako. "Kula tu," Mama Ombati alisema, "utawika asubuhi."

Wasichana sita, vaisi tano. Hilo ndilo lililotufunga Bosibori na mimi. Tuligawana kiti kimoja kwa sababu tulikuwa wa mwisho kuandikwa: mmoja akifunga, mwenzake alichambua manyoya, kisha tukabadilishana. Lakini mimi ni Msabato, naye alikuwa Mkatoliki, kwa hiyo Jumamosi vaisi ilikuwa yake peke yake, na Jumapili ilikuwa yangu peke yangu. Sikumbuki nani aliyeanzisha desturi ile. Ijumaa jioni, kabla jua halijatua, niliacha chambo kimoja kwenye taya za vaisi kikiwa nusu, uzi unaning'inia, ili Jumamosi asubuhi yeye asianze na ndoana tupu. Jumamosi jioni naye aliniachia chake. Mimi nilifunga kwa uzi mwekundu, yeye kwa uzi wa kijani, basi vyambo vya siku hizo mbili vilikuwa na shingo ya rangi mbili. Tata aliviona akauliza ni mtindo gani huo. Bosibori akamjibu, "Hivyo ni vya ndoa mchanganyiko, Tata." Tulikuwa na ushindani mkali. Aliwahi kuniachia chambo changu alichokifumua makusudi na karatasi chini yake: Kerubo, hata kuku angekataa kurudishiwa haya manyoya. Nilifunga upya nikiwa na hasira, nikafunga vizuri zaidi, na nadhani hilo ndilo alilotaka.

Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa mtu mmoja tu, Nahodha Shee, mwenye mashua ya injini aliyechukua wageni kuvua kwa fimbo ndani ya mwamba, karibu na ufuo, kaskazini ya Mombasa. Mwanzoni mwa mwaka alituandikia kwamba anataka vyambo vinavyofanana na vile visamaki vidogo vyeupe vinavyopita kwa makundi karibu na mawe. Siku barua ilipofika Tata alikuwa amelala na malaria. Mimi nikajitolea. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, lakini daftari langu la sayansi lilikuwa limejaa michoro ya samaki ambao sikuwahi kuwaona, na niliamini kabisa kwamba siku moja kitu nilichokitengeneza mimi kitaingia baharini kabla yangu na kuniandalia njia. Nikaenda soko la Kisii, nikanunua kopo la gorogoro la omena, dagaa wa ziwani, nikawamwaga mezani, nikachagua aliye mzuri kuliko wote. Alikuwa amejikunja kidogo kama kiwiko, rangi ya fedha iliyochakaa, tumbo la kahawia, jicho jeupe kama punje ya mchele. Tukamwiga. Tulipinda ndoana kwa koleo ili mgongo wake ujikunje vilevile. Tulitafuta manyoya ya kahawia mpaka majogoo wa Sironga wakawa wanatembea uchi, na kwa jicho tulipaka tone la chokaa. Wiki nzima tulifunga. Kwa kweli walipendeza. Mama Ombati aliokota mmoja akasema huyu anahitaji tu nyanya na kitunguu.

Tuliwatuma kwa Nahodha, na kifurushi kilirudi baada ya mwezi. Tata, ambaye sasa alikuwa amepona ila bado mwembamba, alikifungua mezani mbele yetu sote, akatusomea barua kwa sauti. Maneno yake nayakumbuka yote. "Mzee Ombati, salamu. Nakurudishia vitu vyako. Samaki hawa mmewatengeneza wakiwa wameshakufa na kuanikwa juani. Huku samaki hula kilicho hai. Tena ndoana zimeota kutu na vichwa vimefumuka safari ya kwanza, mgeni akanitazama vibaya. Nitajaribu mara moja tu tena, mwezi wa nane, mgeni wangu mkubwa akija. Aje mwenyewe aliyebuni, aone kwa macho yake. Ikishindikana, tuachane kwa heri." Tata akaweka barua chini, akachukua mmoja wa omena wetu, sasa mwekundu kwa kutu, akamgeuza geuza. Yeye aliyeishi pwani miaka yote ile aliona kosa mara moja. Sisi ndipo tulipoliona, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuwaza kwamba omena, kabla ya kuwa omena wa sokoni, huwa hajajikunja.

"Nani aliyebuni hii?" Tata akauliza. Nilifungua mdomo, lakini Bosibori alikuwa mbele yangu. "Mimi na Kerubo," alisema. "Kiti chetu ni kimoja, Tata." Haikuwa kweli. Yeye alikuwa amenicheka tangu siku ile nilipomwaga omena mezani. Nilimtazama, naye alikuwa anatazama kucha zake kana kwamba amezungumza juu ya hali ya hewa. Mchana ule nilienda kuchota maji, na nikiwa nyuma ya ukuta wa jikoni nilimsikia Mama Ombati akiuliza, "Na hawa wasichana?" Tata akasema, "Warudi kwao. Nikimpoteza Shee, hakuna mwingine. Meza naipasua kuni." Mama Ombati akakoroga kitu kwenye sufuria kwa muda. "Huyo mdogo, Kerubo, atarudi kufanya nini?" akauliza. "Alikuja hapa na ndoto tu, hata kikapu cha kuchumia chai hakuwa nacho." Nilisimama pale na mtungi kichwani mpaka shingo ikauma. Sikulia, ingawa mimi ni mtu wa kulia hata kwenye harusi za watu nisiowajua. Nilijiambia kwamba meza ile haitapasuliwa. Nilisema hivyo kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, polepole, ili nisije nikajidanganya kwamba sikusikia vizuri.

Jumapili iliyofuata sikufunga kitu. Niliteremka mtoni, nikalala kwa tumbo kwenye jiwe moja pale maji yanapotulia, nikatazama. Kwa saa nzima niliona kokoto tu. Halafu kokoto mbili zikahama. Vilikuwa visamaki visivyofika kidole, na vilikuwa pale muda wote; sikuviona kwa sababu mwili wao ulipitisha mwanga. Mgongo wa kijani, tumbo jeupe, na jicho kubwa jeusi kuliko kitu kingine chochote mwilini. Nilivinasa viwili kwa kitambaa changu cha kichwa nikavitia kwenye chupa ya jamu, na Jumatatu vilikaa katikati ya meza kama wageni wa heshima. Bosibori aliinama mpaka pua ikagusa chupa. "Kumbe wana mgongo wa kijani," alisema, kisha akainuka, akaenda kwenye gunia la manyoya, akarudi na unyoya mrefu wa mkia wa jogoo mweusi. Akaupeleka dirishani. Ulikuwa mweusi mpaka ulipopigwa na jua, halafu ulikuwa wa kijani kama mbawa za mbawakawa. Tulianza kugombania vaisi.

Kutu na kufumuka vilitutesa zaidi, maana hatukuwa na maji ya bahari ya kujaribia. Nikaomba sufuria kubwa, nikatia maji, nikatia chumvi ya jikoni. Lakini bahari ina chumvi kiasi gani? Aliyejua ni Tata peke yake. Alichovya kidole akalamba. "Hiyo ni supu," alisema. Nikaongeza. "Hiyo ni supu ya mtu mwenye hasira." Nikaongeza, huku Mama Ombati amesimama mlangoni akiitazama pakiti yake ya chumvi ikiisha kwa macho ya mtu anayeibiwa mchana. Mara ya nne Tata alilamba, akafunga macho, sura yake ikabadilika kabisa. "Sasa," alisema. "Hapo ndipo ilipo." Tuliiweka bahari ile chini ya benchi mpaka mwezi wa nane. Kila chambo kililala humo siku tatu. Ndoana za kawaida ziliota kutu; zile zilizopakwa bati ambazo Tata aliziagiza hazikuota. Vichwa viliendelea kufumuka mpaka Bosibori akasema kwamba rangi ya kucha haitoki hata ukifua nguo za wiki nzima.

Sasa hapo kulikuwa na shida, kwa sababu Msabato wa Sironga hanunui rangi ya kucha. Bosibori alitaka kwenda yeye. Nilikataa, kosa la omena lilikuwa langu na alikuwa amelibeba nusu yake, basi hili ningelibeba lote. Nilinunua chupa mbili mjini Kisii, moja isiyo na rangi, na moja nyekundu kwa sababu isiyo na rangi ilibaki moja tu dukani. Jumamosi kanisani, mke wa mzee wa kanisa alinishika mkono kunisalimia na hakuuachia. Kulikuwa na doa jekundu kwenye kidole gumba. "Kerubo," aliniambia kwa upole wa kutisha, "hii ni nini?" Nikasema, "Ni ya samaki, Mama." Akafikiri. "Samaki wanapaka kucha?" Nikasema, "Wanapaka kichwa." Aliniombea sala ndefu palepale kwenye ngazi, na niliitikia amina kwa moyo wote, kwa sababu nilikuwa nahitaji maombi, hata kama si kwa jambo alilolidhania. Jumanne tulitoa vyambo kutoka kwenye sufuria baada ya siku tatu. Nilivuta kichwa cha kimoja kwa meno. Hakikutoka.

Bosibori alisema niende pwani mimi. Alidai anatapika hata akipanda basi la kwenda Suneka, jambo ambalo lilikuwa kweli, lakini nilijua pia kwamba alikuwa ameona lile daftari langu. Tata na mimi tulikwenda kwa gari moshi kutoka Kisumu, na nilibeba vyambo kumi na viwili ndani ya kopo la chai, sita vya shingo nyekundu, sita vya shingo ya kijani. Juu ya bahari yenyewe sitaandika mengi. Niliichovya kidole nikalamba, na ilikuwa ile ile iliyokuwa chini ya benchi letu, na nilicheka peke yangu mpaka Nahodha Shee akamuuliza Tata kama binti huyu ni mzima. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kanzu iliyokunjwa hadi magoti. "Kwenu kuna bahari?" akaniuliza. "Kuna mto," nikamjibu. "Basi keti katikati," alisema, "na ukitaka kutapika, tapika upande wa kulia, upepo usinirudishie." Tata alibaki ufuoni, maana mashua ilikuwa ndogo. Nilikaa juu ya sanduku la barafu na ndimu mkononi. Mbele alisimama mgeni, mjane mmoja wa Kizungu ambaye mabaharia walimwita Mama Kofia, aliyeikodi mashua ile kila mwaka na aliyejua Kiswahili cha kutosha kutukana. "Leo tunavua kwa manyoya ya milimani," Nahodha alimwambia. "Tukikosa, kesho tunarudi kwa yale ya ng'ambo." Alisema hivyo bila kunitazama, lakini alikuwa ananiambia mimi.

Alizima injini tulipofika ndani ya mwamba, akachukua upondo mrefu, akawa anaisukuma mashua polepole juu ya maji yasiyofika kifuani. Nilikuwa nimedhani kuongoza wageni ni kuwapeleka tu. Kumbe ni kutazama. Alitazama maji kama mimi nilivyoyatazama nikiwa juu ya lile jiwe la mtoni, na aliongea kwa sauti ya chini bila kukoma. "Kushoto, mbele ya jiwe jeusi. Tupa. Vuta. Acha. Vuta." Chambo cha kwanza kilikuwa changu. Kivuli kilikuja kutoka kwenye mwani, kikakifuata, kikasimama, kikageuka. "Amekuja kuona nyumba ya mchumba," Nahodha alisema, "akaona paa linavuja." Kivuli cha pili kikafanya vilevile. Cha tatu hakikukaribia hata. Tulibadilisha, tukaweka cha Bosibori, hali ikawa ile ile, na jua likapanda, na Mama Kofia akanyamaza, jambo lililonitisha kuliko matusi yake. Nikajilazimisha kutazama chambo chetu ndani ya maji badala ya kutazama samaki. Kilikuwa kimelala ubavu. Kilikuwa kinene. Nikakumbuka vile visamaki vya chupa ya jamu, ambavyo uliweza kuona kioo upande wa pili, na nikaelewa tulichokuwa tumefanya. Kwetu mgeni hupewa sahani iliyojaa mpaka ukingoni. Kumpunguzia ni kumtukana. Tulikuwa tumewajazia samaki manyoya kwa heshima ile ile.

"Mama, naomba hicho," nikamwambia Mama Kofia. Mkasi ulikuwa umebaki kwenye mfuko wangu ufuoni, miguuni pa Tata. Nikakishika chambo, nikakitia mdomoni, nikauma. Niliuma manyoya ya pembeni, nikatema baharini, nikauma ya chini, nikatema, mpaka kilichobaki ni mgongo mwembamba wa kijani, nyuzi chache nyeupe na jicho. Chumvi ilinijaa ulimini. Nahodha Shee alikuwa ameacha kusukuma mashua. "Huko kwenu," aliniuliza, "ndivyo mnavyokula?" Nilimrudishia mjane chambo chake, naye akakitazama, akapandisha mabega, akatupa. Kiliingia majini bila sauti. Alivuta, akaacha. Kilikuwa kimesimama wima, na nilipopepesa macho nilikipoteza, kama nilivyovipoteza vile visamaki juu ya kokoto. Ndipo maji yakapasuka.

Krrrrrr. Nilisimama bila kujua. Miguu ilijua sauti ile kabla yangu, ilitaka kukata kushoto kati ya mistari ya chai. "Keti, binti, utatuzamisha," Nahodha alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na furaha ndani yake. Samaki alikwenda moja kwa moja, akakata kushoto, akapiga mbizi, hana adabu kabisa, na rili ikalia, ikanyamaza, ikalia tena, na Mama Kofia alimtukana kwa lugha tatu mpaka akamleta ubavuni mwa mashua. Alikuwa kolekole mpana, wa rangi ya fedha mpya. Nahodha alimshika mkiani, akachomoa chambo kwenye pembe ya mdomo, na badala ya kusherehekea akakigeuza juani, akakwaruza kichwa chake kwa ukucha. Manyoya nusu yalikuwa yamekwenda. Kichwa kilikuwa kizima, kinang'aa. Shingo ilikuwa ya kijani. "Kichwa kimeshika," alisema. Akakiweka kwenye kiganja changu, akakifunga kwa vidole vyangu mwenyewe. "Leteni kama hiki. Lakini leteni samaki, msilete kuku." Kabla ya saa sita tulipata wengine wawili, kwa vyambo nilivyoviuma, kimoja chekundu, kimoja cha kijani. Halafu nikatapika, upande wa kulia.

Tuliporudi Sironga wasichana walikuwa wamesimama mlangoni tangu waliposikia gari. Tata aliwaambia habari njema, Mama Ombati akaenda moja kwa moja kuinua sufuria yake kutoka chini ya benchi kabla mtu hajabadili mawazo. Nilimvuta Bosibori kando nikampa chambo kile. "Cha kwanza kushika kilikuwa chako," nilimwambia. Alikitazama kwa muda mrefu, hasa pale manyoya yalipokatika vibaya. "Nani amekifanya hivi?" Nikamwambia nilikiuma. "Kwa meno yako?" Nikasema ndiyo. "Na mke wa mzee wa kanisa bado anaombea vidole vyako tu," alisema. Kisha akakitia kwenye mfuko wa blauzi, akafunga kifungo. "Basi hiki ni chetu." Meza haikupasuliwa. Mpaka mwisho wa mwaka ule tulifunga, tukala, tukataniana, na kila Jumamosi jioni na kila Ijumaa jioni kulikuwa na kitu kimoja kilichoachwa nusu. Mwaka uliofuata Bosibori aliolewa Nyamache. Tata alimpa vaisi iwe zawadi ya harusi, kwa kuwa nilimwomba ampe. Niliendelea kufunga miaka mingi baada ya hapo, kwa vaisi nyingine, na niliona bahari mara mbili zaidi. Lakini hakuna mwaka mwingine ambao naweza kuusikia.

Baada ya mazishi sikukifungua kile kifurushi Jumamosi. Nilikwenda kanisani, nikarudi, nikakipita mezani mara nyingi. Jumapili asubuhi watu wa nyumbani walikwenda kuchuma chai nikabaki peke yangu. Nikafungua kitambaa. Vaisi ilikuwa imepakwa mafuta na haikuwa na kutu. Kwenye taya zake ilibanwa ndoana, na kwenye ndoana kulikuwa na chambo nusu: unyoya wa kijani wa mkia wa jogoo, nyuzi nyeupe chache, na uzi wa kijani uliozungushwa na mkono uliokuwa unatetemeka, mizunguko mingine ikipandana, ukiishia hewani, unaning'inia. Nilivuta kiti dirishani. Nilitafuta uzi mwekundu kwenye kopo langu, nikaukaza pale wa kwake ulipoishia, nikamalizia shingo, nikafunga kichwa, nikapaka tone la rangi ya kucha nikasubiri likauke. Halafu nikakitoa kwenye taya, nikakipeleka mdomoni, upande wa kushoto ambako bado nina meno, nikauma mkia ukawa mwembamba.